Gemu la Macho Mawili

Mjomba wangu, mdogo wa mwisho wa mama, alikuwa na namna yake ya kumimina chai. Aligusisha kwanza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe, ti, ndipo akaliinamisha. Mgeni angedhani ni madaha. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba bila ile ti chai ingeishia kwenye kitambaa cha meza, kwa sababu mjomba aliona kwa jicho moja. La kushoto lilikwenda na kipande cha chuma akiwa anasaga nondo bila miwani, kwa haraka, mwenye geti amesimama mlangoni anauliza bado dakika ngapi. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alikaa nyumbani miezi michache, akarudi karakana, akajifunza kila kitu upya kwa kugusa. Ngazi aliigusa kwa ncha ya kiatu, chuma alikigusa kwa ncha ya rodi ya kuchomelea kabla ya kushusha kioo usoni na kuwasha moto. Mageti yake yaliendelea kusimama wima. Mengine yapo Mabatini, hapa Mwanza, mpaka leo, nikipita nayatambua kwa maua ya nondo aliyopenda kuyaweka juu.

Nayasema haya mapema ili msimwonee huruma kabla ya wakati. Mjomba hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa bingwa.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yake, palikuwa na banda la gemu. Mabati juu, mabati pembeni, sakafu ya udongo iliyomwagiwa maji kila asubuhi ili vumbi litulie. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mjane, mkubwa wa mwili na mkali wa sauti, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, ambaye hakuwahi kugusa padi ya kuchezea hata siku moja lakini aliamua ugomvi wote wa humo ndani kama mtu aliyesomea. Televisheni ilikuwa ya zile zenye kisogo kirefu, nayo ilifunikwa kitenge juu na ubavuni kwa sababu mabati yalikuwa na matundu ya misumari na jua la saa nane lilipenya moja kwa moja hadi kwenye kioo. Mbele yake kulikuwa na benchi refu ambalo kanisa lilikuwa limelichoka.

Kwenye benchi hilo kulikuwa na sheria moja tu. Mshindi anakaa. Aliyepigwa anainuka, anampa mwenzake mkono, anakwenda mkiani, na wote waliobaki wanasogea matako hatua moja. Ukiwa mtu wa kupigwa upesi, mchana mzima ulikuwa wa kusogea tu. Mjomba yeye alikaa. Zilipita Jumamosi ambazo nilimkuta upande wa kushoto wa benchi saa saba, na nikaondoka saa kumi na moja nikimwacha palepale, grisi imekaukia kwenye suruali yake, kidole gumba kinacheza taratibu kama cha mtu anayepukuchua mahindi.

Mimi nilifika pale kwa hotipoti. Mama alinituma nimpelekee mdogo wake chakula cha mchana, ugali na samaki furu wa kukaanga, na kwa kuwa nilitakiwa kurudi na chombo, ilibidi nisubiri amalize kula, na kwa kuwa alikula polepole huku akicheza, ilibidi nikae. Hiyo ndiyo hesabu niliyompa mama kila nilipochelewa. Msichana mwingine hapakuwepo. Mama wa banda alinitazama wiki ya kwanza, wiki ya pili akaniambia nisogee nisizibe njia, wiki ya tatu akanipa padi. Nilikuwa kidato cha pili, mwembamba, na mwenye hasira za karibu. Nikipigwa nilinuna mpaka nyumbani.

Gemu lenyewe lilikuwa la mapigano, moja ya yale yenye matoleo mengi. Lilianza kabla sijazaliwa, nadhani, na kila baada ya muda lilikuja toleo jingine lenye watu walewale waliobadilishwa nguo. Majina yao halisi yaliandikwa kwa herufi za mbali tusizojua kuzisoma, kwa hiyo tuliwabatiza wenyewe. Kulikuwa na Bibi Harusi, mwanamke wa mavazi meupe aliyerusha mateke. Kulikuwa na Mwenyekiti, jitu lenye kitambi ambalo lilipiga polepole lakini likikupata umelala. Na kulikuwa na mtu wa mjomba, ambaye tulimwita Mvuvi kwa sababu mshiko wake ulikuwa wa kunyoosha mikono yote miwili na kumvuta adui kifuani kama anayevuta wavu wa kokoro.

Yote yalikuwa bapa. Nataka hili lieleweke, maana kila kitu kinatoka hapa. Wapiganaji wawili walichorwa kama picha za kwenye kanga, mmoja kushoto na mmoja kulia, na kwao dunia ilikuwa na njia mbili tu, kwenda na kurudi. Juu waliweza kuruka. Pembeni hapakuwepo. Mwisho wa kioo ulikuwa mwisho wa dunia, na hapo ndipo mjomba alipofanyia kazi zake.

"Usimpige katikati," aliniambia, mdomo umejaa ugali. "Unapoteza nguvu. Msukume kwanza mpaka mgongo wake uguse mwisho wa tv. Hapo ndiyo umshike."

Nilijifunza kona kwake. Nilijifunza kusubiri, jambo ambalo shuleni walikuwa wameshindwa kunifundisha. Lakini nilichopenda zaidi kilikuwa kumtazama yeye, na sikujua ni kwa nini mpaka nilipokuwa mtu mzima. Nje ya banda mjomba aligusa kila kitu kabla ya kukitumia. Aligusa kizingiti, aligusa mgongo wa kiti, ukimpa chenji alikushika kwanza kiganja. Mbele ya kile kioo hakugusa chochote. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja. Alimwona adui yuko wapi kama sote tulivyomwona, na akampata. Zile saa nne au tano za Jumamosi alikuwa fundi mwenye macho yake.

Harufu za siku zile bado ninazo. Chuma kilichoungua kutoka ng'ambo, mafuta ya vitumbua vya mama wa banda, na upepo ukigeuka kutoka ziwani, dagaa. Dagaa pia alikuja nao mpinzani mkubwa wa mjomba, Mkerewe mmoja aliyefanya biashara ya dagaa soko la Mwaloni kule Kirumba, mrefu, msemaji, mwenye viatu vya mvua alivyovaa hata kiangazi. Alimwita mjomba mchunga ng'ombe. Mjomba alimwita mtu wa majini, akamwambia Wakerewe wakipanda gari hutafuta kasia. Walitukanana hivyo, utani wa makabila tu, mwaka mzima na sikumbuki hata mara moja mmoja kununa. Mkerewe alicheza na Bibi Harusi, na karibu kila Jumamosi aliishia konani, anavutwa kokoro, benchi zima linahesabu mapigo kwa sauti.

Ni yeye aliyeleta habari za toleo jipya. Alikuwa amepeleka mzigo Nairobi, akarudi akisema kule watu hawachezi tena la kwetu. Kuna jipya, watu walewale, lakini wana miili. Unaweza kuwazunguka. Tulimwambia ni muongo. Wiki chache baadaye mama wa banda aliipata sidii yake mjini, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza redio na pasi na kila kilichokuwa na waya, na mashine mpya ya kuichezea, na Jumamosi ile banda lilijaa mpaka watu wakasimama nje wakitazama kupitia matundu ya misumari.

Kwenye jalada kulikuwa na namba tatu na herufi D, kubwa, zenye moto. Mama wa banda, aliyekuwa ameulizia dukani, alituelezea kabla ya kuwasha. "Maana yake unaona mpaka kina," alisema. "La zamani lilikuwa picha. Hili lina kina."

Likawaka. Mvuvi alitokea peke yake uwanjani, na kioo kikaanza kumzunguka polepole, bega, mgongo, kisogo, bega la pili. Hatukuwa tumewahi kumwona kisogo. Benchi zima liliinama upande mmoja kuchungulia zaidi, vichwa vyote pamoja, na mama wa banda akaja na kitambaa akafuta kioo, kana kwamba kina kingeonekana vizuri zaidi bila vumbi.

Leo nikiitazama ile picha kwenye simu nacheka. Ilikuwa mbaya. Wale wa zamani walichorwa na mkono wa mtu aliyewapenda, na hawa walionekana wamechongwa kwa shoka, nyuso za pembe tatu, vidole vimeshikana, mikono kama maboksi ya sabuni. Mvuvi alifanana na ndugu aliyekwenda Dar akarudi na mwendo mwingine. Lakini siku ile hakuna aliyesema ni mbaya. Tuliona tumeletewa dunia.

Mjomba alikaa kushoto, kwa haki ya ubingwa. Mkerewe alikaa kulia, naye alikuwa amekwisha kulicheza Nairobi siku mbili nzima bila kutuambia. Ilianza kawaida. Mvuvi alimsukuma Bibi Harusi nyuma, hatua, hatua, na sote tulingoja kona. Kona haikuja. Uwanja uliendelea tu. Mjomba akaamua kumshika hapohapo, akanyoosha mikono, na Bibi Harusi akapiga hatua moja pembeni, ile njia ambayo haikuwepo duniani mpaka asubuhi ile. Mikono ya Mvuvi ilipita kando ya kichwa chake ikakumbatia hewa.

Mara ya kwanza tulinyamaza. Mara ya pili mtu mmoja akacheka. Mara ya tatu mikono ilipopita tena kando kabisa, sauti kutoka mkiani ikasema, "Kama ile chai."

Sote tulikuwa tumemwona akimimina chai, na siku akisahau ile ti, akiimwaga kando. Ndiyo ubaya wake. Kila aliyekuwa kwenye benchi lile aliwahi kumwona mjomba akikosa kitu kwa kipimo cha vidole viwili, kandokando, na sasa tulikiona kitu hichohicho ndani ya televisheni, kikubwa, kwa rangi. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mkerewe alimalizia. Hakuwa na ubaya, na hilo nalisema kwa sababu nilimchukia miaka mingi bila haki. Alisema kwa upole, kama mtu anayemshauri rafiki asinunue kiatu kisichomtosha.

"Kaka, hili si lako. Kule Nairobi nilioneshwa sinema ya namna hii, unapewa miwani, jicho moja kioo chekundu, jicho moja bluu. Lazima macho yote mawili yafanye kazi ndiyo kina kionekane. Hili gemu la macho mawili."

Ikaonekana ni elimu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama wa banda, jaji wetu, akasema kwamba kwa kweli hata yeye aliwaza hivyo. Mjomba alikaa na padi mkononi. Nilimtazama usoni nikaona anakubali, na alikubali upesi mno, kama mtu aliyekuwa anaisubiri habari hiyo tangu siku aliyotoka hospitali. Akainuka, akampa Mkerewe mkono. Hakwenda mkiani mwa benchi. Alivuka barabara akarudi karakana.

Hapa lazima nieleze jambo moja ambalo hakuna aliyelitia maanani. Siku ile kila mtu alipigwa. Mkerewe aliwafyeka wote, wenye macho mawili mazima, mimi nikiwemo, na kila mmoja wetu alikumbatia hewa kama mjomba. Sisi tulisema bado hatujalizoea.

Jumatatu yake likizo ilianza, na kwa kuwa sikuwa na shule nilikwenda banda mchana, likiwa tupu, nikacheza na mashine. Ile sentensi ya macho mawili ilikuwa inanikera. Sikuiamini wala sikuikataa, ilinikera tu. Nikafumba jicho la kushoto. Nilishindwa kulishikilia, likawa linafumbuka, kwa hiyo nikalifunga kwa leso ya kichwa. Nikacheza. Nikangoja kile kina kipotee, Mvuvi arudi kuwa picha ya kwenye kanga.

Hakikupotea kitu. Uwanja ulikuwa uleule, na Mvuvi alikuwa na kisogo chake kilekile. Nilifunga jicho, nikafungua, nikafunga la pili, nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Kioo kilikuwa kioo. Bapa, cha moto kidogo, kinachonguruma. Hakukuwa na kina chochote humo ndani kwa mtu yeyote, mwenye jicho moja wala mwenye manne. Sote tulikuwa tunatazama picha. Mjomba alishindwa kwa sababu hakuwa amelizoea, basi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilijua jambo ambalo benchi zima halikulijua. Barabara ya kuvuka ilikuwa na upana wa hatua kumi na tano. Niliona cheche za mjomba kutoka pale nilipokaa.

Sikuvuka. Nilijiambia nitamwambia akija kula. Alipokuja kula hakutaja gemu, nikajiambia nisimkumbushe. Lakini sababu yenyewe ni nyingine, na sitaipamba. Wiki ile nilikuwa nimeigundua ile hatua ya pembeni. Nilikuwa naipiga vizuri kuliko Mkerewe. Jumamosi nilimtoa, nikamtoa aliyemfuata, nikamtoa tena Mkerewe, na saa kumi na moja nilikuwa bado nimekaa kushoto mwa benchi, pale pa mjomba, na watu wazima wanasogea matako kunisubiri mimi, msichana wa hotipoti. Mjomba akirudi ningeinuka. Nilifurahi. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, na nilinyamaza.

Laiti ingebaki bandani ningekuwa nimekwisha kujisamehe. Lakini Mabatini maneno hayakai upande mmoja wa barabara. Kabla ya hapo watu walisema fundi ana jicho moja lakini kazi yake safi. Baada ya hapo wakaanza kusema fundi haoni kina. Ni maneno mawili tu, ila yalisikika kitaalamu. Baba mmoja wa Nyakato aliyekuwa amempa kazi ya madirisha ya nyumba nzima alikuja na futi yake mwenyewe, akapima upya kila fremu mbele yake, zote zikawa sawa, na bado akampa mwingine kazi iliyobaki. Mjomba naye akaanza kupima mara tatu alipokuwa akipima mara moja. Mkono ukaanza kusita. Siku moja aliunganisha bawaba upande usio wake, kosa la mwanafunzi, na akaitazama muda mrefu bila kuikata.

Mwaka ulipoisha alisema anarudi Magu, kwenye majaruba ya mpunga ya babu. Nilimbebea begi hadi stendi ya Buzuruga. Tulikaa kwenye kivuli cha basi tukila mahindi ya kuchoma na nikawa nayo mdomoni, ile habari yote, ilikuwa na maneno yasiyozidi kumi. Akanigeukia akitabasamu.

"Nasikia unawanyoosha kule," alisema. "Wote. Hata yule wa majini."

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo nini. Nimeambiwa hawakugusi. Umenifurahisha sana, mama."

Alikuwa anajivuna kwa ajili yangu. Nikamwambia safari njema. Basi liliondoka nikasimama na gunzi mkononi.

Banda lilifungwa nikiwa chuoni. Mkerewe nilisikia amehamia Bukoba. Mimi nilisomea ualimu, na kwa namna fulani ambayo sipendi kuichunguza sana nikaangukia fizikia. Nafundisha sekondari, naishi Nyakato na mama na binti zangu wawili. Mjomba alioa Magu, akapata watoto, mpunga wake ni mzuri, na kila akija Mwanza analeta gunia. Anatembea vizuri, anacheka. Sitaki kudai kwamba maisha yake yaliharibika. Ila hakushika rodi tena, na kwake geti lilipokatika alimwita fundi kutoka mjini akakaa pembeni akimtazama.

Mwaka huu nilikuwa nafundisha mada ya jicho. Huwa nawapa wanafunzi kalamu mbili, wafumbe jicho moja, wajaribu kugusanisha ncha. Wanakosa, wanacheka, darasa linachangamka. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo mtu wa jicho moja hawezi kuangalia mpira kwenye tv?"

"Anaweza," nikajibu. "Kioo ni bapa. Kile kina unachokiona ni mchoro, vivuli na ukubwa wa vitu. Hapo sote tuko sawa."

"Hata gemu?"

"Hata gemu," nikasema, na nikageukia ubao nikaanza kuandika kitu ambacho hakikuwa kwenye mada. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilikuwa nimemjibu mtoto wa watu kwa nusu dakika jambo nililomficha mjomba wangu kwa miaka zaidi ya ishirini.

Alikuja mwezi uliofuata, Jumapili, na gunia lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, tukala. Mama alikwenda kulala mchana. Binti zangu walikuwa wanacheza sebuleni, na wana mashine kama watoto wote wa siku hizi, na kati ya magemu yao limo lile, toleo la sijui ngapi, Mvuvi akiwa na nywele nyeupe na vinyweleo mkononi unaweza kuvihesabu. Mjomba aliketi akatazama kwa mbali, mikono magotini. Nikawaambia wasichana waende nje. Nikamwambia.

Nilimwambia yote, leso, pua kwenye kioo, Jumamosi ile. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Ulijua lini?"

"Wiki ileile, mjomba."

Nje wasichana walikuwa wanarukaruka kamba na nilihesabu mapigo ya kamba hadi nikapoteza hesabu. Nikasema samahani. Hakuitikia samahani yangu, wala hakuikataa.

"Ungeniambia," alisema hatimaye, bila hasira, na ingekuwa afadhali hasira. Kisha akaivuta ile padi kutoka mezani. "Haya. Kaa."

Tukacheza. Raundi ya kwanza nilimwachia. Nilimsimamisha mpiganaji wangu kama gogo ili amshike. Mjomba akaweka padi gotini.

"Mama, usinifanyie hivyo."

Basi nikacheza ninavyojua. Mvuvi wake alinyoosha mikono, nikapiga hatua pembeni, akakumbatia hewa. Nikamgeukia usoni haraka, kwa woga, nikitafuta ile sura niliyoiona bandani. Alisonya tu. Akaja tena, nikampiga. Nikampiga raundi tano, sita, nane, nikapoteza hesabu ya hizo pia, na kila raundi alisogea mbele kidogo kwenye kochi mpaka akawa amekaa ukingoni.

Alipopigwa ile ya mwisho alianza kucheka. Alicheka mabega yakimtikisika, akajipiga paja.

"Mimi mbovu kumbe," alisema. "Mbovu kabisa. Hata ningekuwa na macho sita."

Nami nikacheka. Kisha kicheko kikamwishia, akajifuta machozi kwa kiganja, na alipozungumza alikuwa anatazama kioo, si mimi.

"Miaka yote hiyo nilijua ni jicho. Mngeniacha nipigwe tu kama wenzangu, ningejifunza."

Nilitaka kurudia samahani, akaniwahi, akanisogezea padi yake karibu.

"Hiyo hatua ya pembeni," alisema, "unaibonyezaje?"

Nikamshika kidole gumba, kigumu bado kwa makovu ya kuungua, nikakiweka mahali pake.